Wasikilizaji wa Bandani

Kila jioni, jua lilipokuwa likizama nyuma ya paa la jirani, Chiriku aliingia katika banda la kuku la shangazi yake, mwisho kabisa wa kiwanja walichoishi wote, na kuwasha taa mbili. Taa kubwa ilining'inia katikati, juu ya vihori vya chakula. Taa ndogo, yenye mwanga hafifu wa rangi ya chungwa, ilikuwa pembeni, karibu na fito walizolalia kuku. Akishawasha, aliokota mayai ya mwisho, akayapangusa yaliyochafuka, akayapanga kwenye trei na kubadilisha maji.

Kazi ya kuzima ilikuwa yake pia, na shangazi alikuwa amemfundisha namna ya kuifanya. Ikifika saa mbili, azime kwanza taa kubwa, kisha asubiri. Kuku wakiona mwanga umepungua, wataacha kula na kupanda kwenye fito mmoja mmoja, wakisukumana na kunung'unika kama ndugu wanaogombea shuka. Wakishatulia wote, ndipo azime taa ndogo. Iwe hivyo kila siku, na saa iwe ile ile. Shangazi alikuwa fundi cherehani, na wakati huo huwa bado yuko dukani kwake akimalizia nguo za wateja. Alimwamini mtoto wa kaka yake.

Jina la Chiriku alipewa na mama yake, kwa sababu tangu alipojua kusema hakunyamaza. Alizungumza akila, akifua, akifunga kamba za viatu. Watu wengi mtaani walimkatiza kabla hajafika katikati ya habari. Mtu mmoja tu alimwacha amalize, naye ni Mzee Chenga, mwenye mashine ya kusaga nafaka na kuchanganya chakula cha mifugo pale kwenye kona. Masikio yake yalikuwa yamechoshwa na ngurumo za mashine. "Mimi nasikia nusu," alikuwa akisema, "kwa hiyo nachoka nusu."

Muhula ule mwalimu wa Kiswahili alimchagua Chiriku kughani shairi refu mbele ya wazazi siku ya kufunga shule. Lilihusu maji. Mwalimu alilitunga mwenyewe, akaliandika kwa herufi ndogo kama sisimizi ili litoshe kwenye karatasi moja. Chiriku alirudi nyumbani akiruka, akafungua mlango na kuanza papo hapo:

"Mvua ilipotuacha, mito ikawa ni njia,
Ndoo tulizozificha, leo zinatulilia..."

Mama alitoka chumbani kidole kikiwa mdomoni. Mdogo wake Chiriku, aliyekuwa bado mchanga, ndiyo kwanza alikuwa amepata usingizi. Siku hizo nyumba nzima ilitembea kwa ncha za vidole. Vikombe viliwekwa mezani polepole, baba alikohoa uani. Chiriku akajaribu kughani kwa kunong'ona, lakini shairi la kunong'ona lilimtoka kama siri ya wizi. Akahamia uani, jirani akafunga dirisha kwa kishindo.

Ndipo akakumbuka banda.

Jioni ile alisimama kati ya vihori na kughani ubeti wa kwanza kwa sauti yake yote. Kuku waliinua vichwa. Mmoja wao, mwekundu, mwenye kilemba kilichoinama upande kama kofia ya mtu mkubwa, alisogea mbele kabisa na kumtazama kwa jicho moja. Huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kupanda kwenye fito kila usiku, na Chiriku alikuwa amempa cheo cha Mwenyekiti. Chiriku aliinamisha kichwa kwa heshima. "Mheshimiwa Mwenyekiti," akasema, kisha akaendelea na ubeti wa pili. Hakuna aliyemwambia anyamaze.

Tatizo lilikuwa mwanga. Taa kubwa ya bandani iliwatosha kuku kuonea chakula, ila haikutosha kusomea herufi za mwalimu. Chiriku akapata wazo. Akachomoa balbu kali ya uani, ile aliyoinunua baba ili kufukuza wezi, akaipachika bandani. Ya bandani akaipeleka uani. Kwa vile kila mtu alikuwa ndani akimhudumia mtoto, hakuna aliyegundua. Banda likawaka kama mchana.

Tangu hapo saa mbili ikawa haina maana. Siku alizokosea beti, alirudia na kurudia, na taa zikawaka mpaka aliposikia shangazi akifungua lango la mbele. Siku alizochoka alizima mapema. Aliona kuku wakiendelea kula na kuzungukazunguka miguuni pake, akafurahi moyoni kwamba shairi limewakolea kiasi cha kuwanyima usingizi.

Baada ya muda mambo yakaanza kuharibika. Mayai yalipungua kwenye trei, mengine yakawa na maganda laini yaliyobonyea mkononi. Kuku waliokuwa wapole wakawa na wasiwasi. Ukifungua mlango waliruka ovyo na kugonga kuta. Wakaanza kudonoana. Walinyofoana manyoya ya mkia, na kila doa jekundu lililoonekana juu ya ngozi ya mwenzao liliwavuta wengine waje kudonoa hapo hapo. Asubuhi moja shangazi alimkuta Mwenyekiti amejibanza ndani ya kiota, mgongo wake ukiwa uchi na kidonda kibichi.

Shangazi alimtenga Mwenyekiti kwenye tenga, akampaka dawa, kisha akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa na kuwatazama kuku wake kwa muda mrefu. Aliwalea tangu wakiwa vifaranga ndani ya boksi. Akamwambia mama yake Chiriku kwamba kama hali itaendelea hivi, itabidi awauze wote kwa mchinjaji. Mama alimshauri amwite kwanza Bibi Mifugo.

Bibi Mifugo alikuwa daktari wa mifugo, mwanamke mrefu mwenye buti za mpira na maneno machache. Alikuja mchana wa Jumamosi, taa zikiwa zimezimwa. Akaangalia kinyesi, akapima nafasi kwa macho, akafungua midomo ya kuku, akanusa maji. Akauliza juu ya chanjo, joto na panya. Kila swali shangazi alilijibu. Kisha Bibi Mifugo akauliza juu ya taa: kuku wa mayai wanahitaji siku ndefu, alisema, lakini wanahitaji pia giza la kutosha, na vyote viwe kwa saa isiyobadilika. Hapa wanazimiwa saa ngapi?

Shangazi alimgeukia Chiriku. "Mwenye taa ni huyu. Mwambie mtaalamu."

Chiriku alihisi uso ukimwaka. Aliwaza balbu ya uani. Aliwaza kidonda cha Mwenyekiti, akajiambia kwamba taa haiwezi kumtoa mtu manyoya, kwa hiyo kusema au kutosema ni yale yale. Akawaza shairi, na siku ya kufunga shule.

"Saa mbili," alisema. "Kila siku. Kubwa kwanza, halafu ndogo."

Lilikuwa jibu fupi kuliko yote aliyowahi kutoa maishani. Bibi Mifugo alitikisa kichwa kukubali. Basi, alisema, huenda ni chakula: kikikosa chumvi au protini, kuku hudonoana. Akachota kidogo kwenye gunia ili akakipime, akasisitiza wasifanye lolote mpaka atakapoleta majibu.

Lakini shangazi alikuwa tayari amepata jawabu lake. Magunia yale yalitoka kwa Mzee Chenga.

Mchana ule ule alikodi mkokoteni, akayarudisha, na Chiriku akaambiwa asukume kwa nyuma. Mzee Chenga alizima mashine yake. Aliposikia shauri lenyewe, alifungua gunia, akachota kiganja cha chakula, akakinusa na kukigusa kwa ulimi. Alisema hajabadilisha mchanganyiko wake, na kwamba wateja wengine hawajalalamika. Shangazi alimjibu kwamba wengine hawajui kuchunguza. Mzee hakubishana. Alimtazama Chiriku, labda akingoja maneno yake ya kawaida, lakini Chiriku alikuwa ameinama akifunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Kuanzia hapo habari zikasafiri zenyewe. Duka la fundi cherehani halikosi watu, na mtu anayepimwa kiuno hana pa kwenda, lazima asikilize. Kufika Jumatatu, Chiriku alipokuwa akitoka shule, aliwaona wanawake wawili wenye magunia matupu wakipita mbele ya mashine ya Mzee Chenga bila kusimama. Mzee alikuwa amekaa kizingitini. Alimpungia mkono kama siku zote, akamwita, "Mjukuu, leo huna habari?" Chiriku alisema ana kazi nyingi za shule, akapita mbio.

Jioni ile alikata shauri. Ataacha kughani bandani. Atazima taa saa mbili kamili, kama alivyomwambia Bibi Mifugo, na uongo wake utageuka kuwa kweli. Kuku wakipona, maneno yataisha, na hakuna haja ya mtu yeyote kujua chochote.

Saa ilipofika aliingia bandani. Taa kali ilikuwa inawaka, na kuku, ambao walikuwa wamezoea kukesha na shairi, walikuwa wametawanyika chini, wakila na kuparura maranda ya mbao yaliyotandazwa sakafuni. Mwenyekiti alimtazama kwa jicho moja kutoka kwenye tenga. Chiriku hakutaka kutazamwa. Alitaka jambo hili liishe upesi. Akanyoosha mkono na kuzima swichi zote mbili kwa pamoja.

Giza lilishuka kama mfuniko wa sufuria. Kwa kitambo kidogo kukawa kimya, kisha mabawa yakalipuka. Kuku walipiga kelele, wakagongana, wakakimbilia upande wasiouona. Halafu makelele yakafifia, na Chiriku akasikia sauti nyingine iliyomtisha zaidi, sauti ya miili mingi ikijisukuma kwenye kona.

Aliwasha taa. Kuku walikuwa wamelundikana pembeni, mmoja juu ya mwingine, kama nguo chafu. Aliwarukia na kuanza kuwaondoa kwa mikono miwili, huku wakimparura na kumpiga mabawa usoni. Walioko juu walitawanyika. Wa katikati walisimama wakiyumba. Wa chini kabisa hakusimama.

Alikuwa bado na joto. Shingo yake ililegea juu ya kiganja cha Chiriku. Hakuwa na jina. Kati ya kuku wote, huyu Chiriku hakuwahi hata kumtazama vizuri, na jambo hilo lilimchoma kuliko mikwaruzo yote ya mikononi mwake.

Akaketi juu ya maranda. Alijua kabisa kitakachotokea akinyamaza. Shangazi atarudi, ataambiwa kuku amekutwa amekufa, na kifo hicho kitaongezwa kwenye magunia ya Mzee Chenga. Ingekuwa rahisi sana. Hata uongo usingehitajika. Ni kunyamaza tu.

Chiriku aliwapandisha kuku kwenye fito mmoja mmoja. Alizima taa kubwa, akangoja mpaka pumzi zao ziliposhuka, kisha akazima ndogo. Akatoka na yule kuku mikononi, akamngoja shangazi langoni.

Shangazi alifika na mkoba wake wa vitambaa. Kabla hajauliza, Chiriku alianza kusema. Alisema yote: balbu, karatasi ya mwalimu, Mheshimiwa Mwenyekiti, saa zilizokwenda ovyo, jibu alilompa Bibi Mifugo, swichi mbili kwa pamoja. Alisema bila kupamba, na alipomaliza hakuwa na la kuongeza. Ndani mtoto aliamka na kulia, mama akatoka naye begani, akawakuta wamesimama.

"Kuna nini, wifi?" mama aliuliza.

Shangazi aliweka mkoba chini. Alimchukua yule kuku, akamweka juu ya benchi taratibu.

"Kuku anauma," alisema mwishowe, "lakini kuku nitapata mwingine. Umemwacha Mzee Chenga akae kizingitini siku tatu na wewe ukapita mbele yake?"

Chiriku alitikisa kichwa kukubali. Machozi ndiyo yaliyomjibia.

Asubuhi yake, kabla ya shule, walikwenda wote wawili kwenye mashine. Njiani shangazi alimwambia Chiriku kwamba atasema mwenyewe, kwa kinywa chake, na kwa sauti ya kumtosha mtu anayesikia nusu. Chiriku akasema. Ilibidi arudie sehemu ya uongo mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza sauti ilikwama na mzee akaweka mkono sikioni.

Shangazi naye hakujificha nyuma ya mtoto. Alimwambia mzee kwamba aliambiwa angoje majibu, yeye akakimbilia mkokoteni. Kwamba mtoto alificha, lakini aliyetangaza dukani ni yeye mtu mzima, na leo hii atatangaza upya.

Mzee Chenga alipangusa unga uliokuwa umetanda kwenye mkono wake. "Nilianza kujishuku mwenyewe," alisema. "Jana nilipima chumvi ile ile mara tatu." Kisha akamtazama Chiriku, na kona za macho yake zikakunjamana. "Kwa hiyo kuku wa watu wamenyonyoka kwa kusikiliza mashairi. Hilo lina beti ngapi, mjukuu?"

Chiriku alimwambia.

"Basi hata mimi ningenyonyoka."

Shangazi alicheka kwanza, akifuta macho kwa upindo wa kanga. Jioni hiyo, na jioni iliyofuata, Chiriku alikaa kwenye kigoda dukani kwa shangazi, na kila mteja aliyekuja kupimwa alisimuliwa habari nzima na mwenye kosa mwenyewe, naye shangazi akimalizia sehemu yake na pini zikiwa mdomoni. Haikuwa kazi tamu. Mwanamke mmoja alimkemea, mwingine alimcheka. Lakini magunia matupu yakaanza tena kusimama kwenye kona, na Bibi Mifugo alipoleta majibu kwamba chakula hakina kasoro, hakuna aliyeshangaa.

Bibi Mifugo aliwaelekeza cha kufanya. Balbu kali irudi uani. Alieleza kwamba chini ya mwanga mkali kuku huona kila unyoya uliolegea na kila tone la damu, na akishaona lazima adonoe. Tena asipopata giza hapumziki, na asiyepumzika huwa mkali. Na gizani kuku haoni kitu. Anahitaji machweo, kama vile jua linavyoaga polepole, ili ajue pa kulala kabla mwanga haujaondoka. Hakumgombeza Chiriku. Alimwambia tu kwamba yeye anapotibu hutegemea majibu ya wenye nyumba, na jibu la uongo lilimfanya atafute ugonjwa kwenye gunia wakati ulikuwa unaning'inia juu ya kichwa chake.

Kupona hakukuja haraka. Manyoya huota kwa wakati wake. Kwanza kishindo kilipungua, kisha kudonoana kukaisha, na mayai yenye maganda magumu yakaanza kuonekana tena viotani. Shairi nalo lilipata makao mapya. Mzee Chenga alimruhusu Chiriku kughani kwenye ghala lake mchana, mashine ikiwa imezimwa, mbele ya magunia ya mahindi. Mzee alikaa kwa mbali na kupaza sauti kila baada ya ubeti: "Sijasikia. Rudia." Siku ya kufunga shule, hata wazazi waliosimama nje ya uzio walisikia ndoo zikilia.

Jioni ya siku hiyo shangazi alifunga duka mapema. Alimkuta Chiriku bandani, akasimama karibu naye. Saa mbili ilipofika, Chiriku alizima taa kubwa. Mwanga wa rangi ya chungwa ukabaki peke yake. Kuku waliacha vihori na kuanza kupanda. Wa kwanza alikuwa Mwenyekiti, mgongo wake ukiwa na vinyoya vipya vilivyosimama kama brashi. Akajipanga mahali pake, akasukuma mwenzake kidogo, akafumba jicho.

Chiriku hakugusa swichi ya pili. Alikuwa amejifunza kungoja.

"Unajua kilichoniumiza zaidi?" shangazi alisema kwa sauti ya chini. "Hawa hawana namna ya kuniambia kwamba hawalali. Wanachoweza ni kunyonyoana tu. Na Mzee Chenga alisema, lakini sikumwamini. Kati yetu sote, mwenye maneno ya kuokoa mambo alikuwa mmoja, naye ndiye aliyekuwa na maneno mengi kuliko mtaa mzima."

Chiriku aliinamisha kichwa.

"Sikukatazi kuzungumza," shangazi aliendelea. "Zungumza, ghani, tuchoshe. Ila siku ukikosea, neno la kwanza kutoka liwe lile zito. Liseme mapema, likiwa bado dogo, kabla halijamwangukia mtu mwingine. Mkosaji akisema kweli, kazi yetu inabaki kurekebisha kosa. Akificha, tunaanza kuharibu na vilivyokuwa vizima."

Kuku wa mwisho alipanda, akapepesuka, akapata nafasi. Shangazi akamwonyesha Chiriku swichi kwa kidevu. Chiriku alingoja kidogo zaidi, mpaka banda lote lilipokuwa pumzi tu, kisha akazima taa ndogo.